Tuache Kuwahesabia Vyumba Watoto Walemavu

"Sisi tulilala sita chumba kimoja na hakuna aliyekufa." Ukikaa na Waswahili wa Uingereza, iwe hitimani Leicester au harusini Barking, kauli hii utaisikia mazungumzo yakishafika kwenye benefiti. Utaisikia zaidi yakigusa ile kanuni inayompunguzia mpangaji ruzuku ya pango kwa sababu nyumba yake ina chumba ambacho serikali inakiona cha ziada. Mtu akitaja familia yenye mtoto mlemavu inayodai chumba cha mtoto huyo peke yake, jibu huwa tayari: mtoto mmoja, chumba kizima, kwa kodi za nani? Watu wanacheka, mada inabadilishwa. Serikali ya London nayo imeisema kauli hiyohiyo mahakamani kwa miaka, kwa Kiingereza cha mawakili na bila kucheka. Mimi nawapinga wote wawili, na nitaanza na sisi.

Kwanza hesabu yenyewe, maana wengi wanaibishania bila kuijua. Ruzuku ya pango haiangalii nyumba unayokaa. Inaangalia vyumba unavyostahili. Mume na mke chumba kimoja. Kila aliyetimiza miaka 16, chumba kimoja. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya 16 wanalala pamoja. Wa jinsia tofauti wanalala pamoja mpaka mmoja afike miaka 10. Anayebaki bila mwenzake anapata chake. Wapangaji wa nyumba za watu binafsi wamepimwa kwa kipimo cha namna hii tangu 2008. Tarehe 1 Aprili 2013, kwa Sheria ya Mageuzi ya Ustawi ya 2012, kipimo kikahamia kwenye nyumba za kaunseli na za mashirika ya nyumba: ukiwa na chumba kimoja zaidi unakatwa asilimia 14 ya pango linalolipiwa ruzuku, ukiwa na viwili au zaidi asilimia 25. Wazee waliofika umri wa pensheni hawaguswi. Serikali iliita hatua hiyo kuondoa ruzuku ya chumba cha ziada, wananchi wakaiita kodi ya chumba cha kulala, na jina la wananchi ndilo lililoshika.

Aliyekwenda chuo cha Kurani utotoni ataitambua hiyo miaka 10, kwani ndio umri tuliofundishwa kutenganisha malazi ya watoto. Sidhani kama makarani wa serikali pale Whitehall walimuuliza maalimu yeyote, lakini ina maana walijua kwamba kulala pamoja hakupimwi kwa futi za sakafu peke yake, kwamba wapo watu wasiofaa kulazwa chumba kimoja hata nafasi ikiwepo. Walilijua hilo kuhusu kaka na dada. Kuhusu mtoto anayeshikwa na kifafa saa nane za usiku walinyamaza, na ukimya huo ukagharimu familia miaka.

Sasa, hao sita wa chumba kimoja. Ni kweli tulilala hivyo, ila tukumbuke kila kitu tunapokumbuka. Usiku nyumba ile ilikuwa inapanuka. Mkeka ulitandikwa ukumbini. Wavulana waliobaleghe walitolewa wakalale kwa mjomba au kwenye kibanda cha uani. Mtoto msumbufu alichukuliwa na bibi, na bibi alikuwepo, hatua kumi kutoka mlangoni. Joto likizidi kuna baraza. Hebu ichukue nyumba hiyo uipeleke ghorofa ya nne ya jengo la kaunseli mwezi Januari: hakuna uani, hakuna bibi, na jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa ufagio mtoto akilia zaidi ya dakika tano. Vyumba ni vilevile, lakini nyumba siyo ile.

Na yule mtoto mlemavu wa mtaani kwetu, yeye alilala wapi? Swali hili wenye kauli yao hawalipendi. Mara nyingi alikuwa na chumba chake peke yake. Kilikuwa cha nyuma, dirisha dogo, mlango unafungwa wageni wakija. Alipewa chumba kwa sababu ya aibu, na mama yake ndiye aliyelala humo naye, juu ya jamvi, miaka kumi, kumi na tano, bila mtu kumuuliza kama alipata usingizi. Hivyo hata sisi hatukuwalaza pamoja na wenzao. Tofauti ni kwamba hatukuita haki, tuliita mtihani. Na hiyo "hakuna aliyekufa" ni ya kusema polepole, kwa sababu wapo waliokufa. Walikufa wadogo, kwa kupaliwa, kwa homa, kwa kifafa cha usiku ambacho hakikuonwa na mtu. Tukawazika, tukasema kazi ya Mungu haina makosa, tukaendelea. Waliobaki ndio wanaosimulia kwamba walibaki wote.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo turuhusu usiku wenyewe uelezwe. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo uliokaza viungo hajigeuzi kitandani. Lazima ageuzwe, tena na tena hadi alfajiri, vinginevyo atapata vidonda na maumivu. Kama analishwa kwa mpira unaoingia tumboni, pampu inafanya kazi usiku kucha na king'ora chake kinalia mpira ukijikunja. Kama hawezi kumeza makohozi, kuna mashine ya kuyafyonza, na mlio wake haumwachi mtu amelala. Mtoto akikua uzito unampita mama, na hapo inaletwa mashine ya kumnyanyua, ambayo inahitaji nafasi ya kuzunguka kitanda cha hospitali. Mwenye usonji mkali huenda asiwe na mashine hata moja na bado asilale: anatembea, anapiga ukuta, anavua nguo, pengine anamuuma aliye karibu bila kukusudia ubaya wowote. Weka kitanda cha pili humo. Juu yake mlaze dada yake wa miaka minane, ambaye saa mbili na nusu asubuhi anatakiwa awe amevaa sare na ameketi darasani.

Huyo dada ndiye anayesahauliwa na pande zote. Mjadala unaendeshwa kana kwamba chumba ni zawadi ya mtoto mlemavu, mwenye bahati kuliko ndugu zake. Kumbe chumba cha pili kinamlinda yule mzima pia. Hakuna anayemuuliza mtoto asiyetembea kwa nini amepewa kiti cha magurudumu ilhali kaka zake hawana. Chumba ni kifaa cha namna hiyohiyo, tofauti yake ni kwamba kifaa hiki kinakatwa kwenye pango.

Wizara ya Kazi na Pensheni haikuwa gizani kuhusu nani angeumia. Makadirio yake yenyewe kabla ya kuanza yalisema kaya zipatazo 660,000 zingepunguziwa, wastani wa pauni 14 kwa wiki, na kwamba karibu theluthi mbili ya kaya hizo zina mtu mlemavu. Kanuni inapokuwa na wahanga ambao wengi wao ni walemavu, na aliyeitunga anajua hivyo kabla hajaipitisha, mtu hawezi kuja baadaye kusema ilimponyoka.

Wala haikukosa onyo. Mwezi Mei 2012, karibu mwaka mzima kabla ya kodi ya chumba kuanza, Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu katika mashauri matatu yaliyounganishwa. Moja lilikuwa la familia ya Wiltshire iliyopanga kwa mtu binafsi. Walikuwa na mabinti wawili, mmoja ana hali ya Down, mwingine amezaliwa na mgongo wazi. Kaunseli ilisema ni wasichana, ni wadogo, walale pamoja. Ukisoma kanuni kama roboti, kaunseli ilikuwa sahihi. Majaji hawakusoma kama roboti. Walisema kumtendea mtoto ambaye kwa ulemavu wake hawezi kulala na mwenzake sawasawa na mtoto anayeweza ni ubaguzi chini ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na serikali haikuwa na sababu ya kutosha ya kuuhalalisha.

Nini kilifuata? Waziri Iain Duncan Smith aliomba kwenda Mahakama ya Juu. Akayaacha maombi hayo Machi 2013, wiki chache tu kabla ya kanuni kuwashukia wapangaji wa kaunseli. Ilipoanza Aprili, neno la mtoto asiyeweza kulala na mwenzake halikuwamo katika kanuni. Liliingizwa Desemba 2013. Kwa miezi minane hiyo kaunseli zilipewa waraka wa kuzielekeza, yaani haki ya mtoto ilikuwa inategemea kama karani wa dirishani ameusoma waraka.

Hapa ndipo hoja kubwa ya watetezi wa kanuni inapojitokeza, nayo inastahili jibu refu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayoonekana ya huruma. Wanasema: hatumtupi mtu. Anayehitaji kweli ataomba malipo ya hiari ya makazi. Serikali Kuu inazipa kaunseli fungu la fedha, kaunseli inaangalia shida ya mtu mmoja mmoja, inamfidia alichokatwa. Kuna ubaya gani? Si bora kuliko kanuni ngumu isiyojua sura ya mtu?

Ubaya upo kwenye jina. Ni ya hiari, na hiari ni ya mtoaji. Fungu lina mwisho, likiisha limeisha. Hutolewa kwa muda, miezi mitatu, sita, mwaka, halafu unaanza upya: fomu, barua ya daktari, taarifa ya benki, orodha ya matumizi ya nyumbani ambayo karani atapitisha kalamu juu yake akiuliza kwa nini umeme wenu ni mwingi. Umeme ni mwingi kwa sababu pampu, kitanda na mashine ya kunyanyulia havitumii mafuta ya taa. Baadhi ya kaunseli zimeihesabu hata posho ya ulemavu ya mtoto kama kipato cha familia wakati wa kuamua nani apewe, kwa maana kwamba fedha iliyotolewa kununulia mahitaji ya ulemavu inatazamiwa ikalipe pango la chumba cha ulemavu. Mahakama mwaka 2012 iliuona udhaifu huu na kusema wazi kwamba malipo ya aina hiyo, kwa kuwa ni ya hiari, hayana uhakika wa muda na yanatoka kwenye mfuko wenye kikomo, hayatoshi kuziba pengo la kanuni yenye ubaguzi. Mfumo wa upatu wa Kiswahili unaelewa jambo hili bila kuhitaji jaji. Fedha ya zamu yako unaidai uso mkavu. Fedha ya hisani unaiomba ukiwa umeinamisha kichwa, na ukiomba mara ya nne jirani anaanza kukukwepa.

Kuna mtego mwingine ndani ya hoja hiyo. Serikali ikisema "watalipwa kwa hiari", imeshakubali kwamba chumba kinahitajika. Haibishani tena kuhusu mtoto. Haibishani hata kuhusu fedha, kwani inakiri zitatoka. Kinachobakia ni kung'ang'ania kwamba ufunguo uwe mkononi mwa mtu mwingine.

Familia ya Pembrokeshire, magharibi ya Wales, iliupeleka mtego huo mbele ya majaji. Babu na bibi walikuwa wanamlea mjukuu mwenye maradhi adimu ya kuzaliwa nayo, mtoto anayehitaji watu wawili na uangalizi usiokatika. Nyumba yao ya vyumba vitatu ilikuwa imerekebishwa kwa ajili yake. Chumba kimoja chao, kimoja cha mjukuu, cha tatu cha walezi wa kulipwa waliokuja kulala baadhi ya siku za wiki ili wazee wale wafumbe macho, pamoja na vifaa. Hicho cha tatu kikaitwa cha ziada. Ajabu yenyewe ni hii: kanuni ilikuwa tayari ina kifungu cha mlezi wa usiku. Mtu mzima anayedai ruzuku, au mwenzi wake, akihitaji mlezi wa kulala kwake, aliruhusiwa chumba cha mlezi huyo. Mtoto akihitaji mlezi yuleyule, kwa saa zilezile, hakuruhusiwa.

Natafuta mtu wa kunieleza busara ya hapo, nimekosa. Serikali nayo ilikosa. Ilishindwa Mahakama ya Rufaa Januari 2016. Badala ya kurekebisha mstari mmoja wa kanuni, ikakata rufaa Mahakama ya Juu, ikajitetea kwa kusema wazee wale walikuwa wakipata malipo ya hiari kwa hiyo hawajadhurika. Tarehe 9 Novemba 2016 majaji saba walisema tofauti hiyo kati ya mtu mzima na mtoto haikuwa na sababu yoyote ya maana. Kanuni ikabadilishwa kuanzia 1 Aprili 2017, miaka minne kamili baada ya kuanza. Kwa bei ya mawakili wa mahakama mbili za juu, dhidi ya wastani wa pauni 14 kwa wiki, sitaki kusikia tena kwamba jambo hili lilikuwa la kubana matumizi.

Wapo wanaotoa hoja ya usawa. Wapangaji wa nyumba binafsi wanapimwa vyumba, kwa nini wa kaunseli wasipimwe? Hoja hii ilisemwa sana bungeni na bado inarudiwa redioni. Lakini familia ya Wiltshire ilikuwa ya nyumba binafsi, na kipimo hichohicho cha nyumba binafsi ndicho kilichohukumiwa kuwa na ubaguzi mwaka 2012. Kuchukua kipimo kilichokwisha kukemewa na mahakama na kukieneza kwa wengine, kisha ukaita usawa, kunahitaji ujasiri.

Hoja ya familia zilizobanana ni nzito zaidi, na kwa watu wetu inagusa, maana wengi wao ndio waliobanana. Inakwenda hivi: mama mwenye watoto watano anasubiri nyumba kubwa miaka minane, huku mwingine anakalia chumba kitupu, mwenye chumba akibanwa kidogo atahama, na mama atapata. Ingekuwa hivyo ningeitafakari. Tathmini iliyoagizwa na wizara yenyewe, iliyotolewa Julai 2014, ilikuta kwamba katika miezi sita ya kwanza ni asilimia 4.5 tu ya waliokatwa waliohamia nyumba ndogo za kaunseli au za mashirika ya nyumba. Waliobaki hawakubaki kwa ukaidi. Nyumba ndogo za kuhamia hazikuwepo. Walikata kwenye chakula na umeme, au wakaingia deni la pango.

Kwa mtoto mlemavu kuhama kuna hesabu yake ya peke yake. Milango imepanuliwa, bafu limebomolewa likawa la kuingia na kiti, reli ya kunyanyulia imefungwa kwenye dari, njia ya mteremko imejengwa mlangoni. Ruzuku ya umma ya marekebisho hayo inafika hadi pauni 30,000 kwa England. Kumsukuma mtoto huyo atoke ili kuokoa chumba ni kubomoa kazi iliyolipiwa na umma, kisha kuilipia tena kwingine, na kumkabidhi yule mama wa watoto watano bafu lisilo na beseni na reli ya dari asiyoihitaji.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ilikataa kuliona hili Oktoba 2019. Mwanamke aliyekimbia ukatili wa mwanamume na kuwekewa chumba cha usalama alishinda, na ushindi wake ulikuwa halali. Mama aliyekuwa akimtunza binti yake mlemavu katika nyumba iliyorekebishwa alishindwa. Majaji walieleza kwamba kuhamia nyumba ndogo iliyorekebishwa ipasavyo, japo kungevuruga sana na si jambo la kutamanika, kusingepingana kimsingi na mahitaji ya walemavu yanayotambuliwa. Nyumba ndogo iliyorekebishwa ipasavyo! Iko mtaa gani? Hukumu imeandikwa kana kwamba zimepangwa dukani zinasubiri mteja. Naiheshimu mahakama hiyo kwa mengi, lakini hapo majaji walihukumu nyumba ya kwenye karatasi.

Siku hizi hoja imebadilika sauti. Watu wenye elimu ya mambo haya hukuambia: mbona yameshakwisha? Kanuni ilirekebishwa 2013, ikarekebishwa 2017, mtoto asiyeweza kulala na mwenzake ana chumba, mlezi wa usiku wa mtoto ana chumba. Mnapigia kelele kaburi. Hii ndiyo fikra inayotawala sasa, na ndiyo hatari zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli.

Tazama masharti. Mtoto lazima awe anapokea posho ya ulemavu ya mtoto, yaani DLA, tena sehemu yake ya uangalizi kwa kiwango cha kati au cha juu. Aliyepewa kiwango cha chini hatazamwi hata kama usiku wake ni huo niliousimulia. Ambaye ombi lake bado linachunguzwa anangoja, na pango halingoji naye. Tena posho peke yake haitoshi. Ni lazima ikubalike pia kwamba hawezi kulala na mwenzake, na anayeamua hilo ni mtu wa ofisini ambaye hajawahi kukesha naye. Mama mgeni wa Kiingereza, anayejaza fomu ndefu ya DLA kwa kumtegemea binti yake wa miaka 13 kutafsiri, na ambaye amelelewa kusema "tunashukuru Mungu, hajambo" kila akiulizwa hali ya mtoto, anajiangusha mwenyewe kwa adabu yake. Wanaotusaidia kwenye misikiti na makanisa kujaza fomu hizo wawaambie kina mama: fomu haitaki subira yako, inataka usiku wako mbaya kuliko yote.

Tazama mlezi. Chumba cha mlezi hutolewa kwa mlezi asiyeishi humo. Mama akikesha mwenyewe, hakuna chumba cha baba kwenda kulala ili asubuhi aendeshe basi bila kusinzia. Shangazi akija kuishi nao kusaidia, ambalo ndilo jibu letu la asili, yeye anahesabiwa mkazi mwenye chumba chake, lakini ruzuku inaweza kupunguzwa kwa kudhaniwa kwamba mtu mzima huyo anachangia pango. Mlezi anayetoka nje anapata chumba ambacho mzazi anayekesha humohumo hakipati.

Tazama wazazi walioachana. Mtoto huhesabiwa nyumba moja tu, kwa kawaida ya mzazi anayepokea posho ya mtoto. Akilala kwa baba siku tatu kila wiki, kwa baba hahesabiki. Mtoto asiye mlemavu atalala kwenye sofa. Mwenye kitanda cha hospitali hawezi, kwa hiyo hamtembelei baba usiku, na ndoa iliyovunjika inamnyima mtoto mzazi kwa sababu ya chumba.

Na mipaka ya ndani ya nchi hiyohiyo inachekesha. Scotland imekuwa ikiwafidia wapangaji kodi hii tangu 2014, Ireland Kaskazini nayo ilijiwekea fidia yake. England na Wales hapana. Mtoto wa Glasgow na mtoto wa Carlisle wana serikali kuu moja, sheria moja ya ustawi, na bili mbili. Septemba 2014 wabunge walipiga kura 306 dhidi ya 231 kuunga mkono muswada wa mbunge Andrew George ambao ungewanusuru wapangaji walemavu wenye kuhitaji chumba au waliorekebishiwa nyumba. Ukafa kimyakimya kwa kunyimwa idhini ya fedha. Labour waliahidi kuifuta kodi hiyo mwaka 2013 wakiwa upinzani. Waliporudi madarakani Julai 2024 hawakuanzia hapo.

Nimeacha la mwisho makusudi. Kwa wapangaji wa nyumba binafsi, tangu Aprili 2011 ruzuku haivuki vyumba vinne, haijalishi mko wangapi. Familia ya Kiswahili, ya Kikongo au ya Kisomali yenye watoto saba, mmoja wao akiwa mlemavu, inaweza kushinda kila kitu nilichokitaja: DLA ya kiwango cha juu, barua za madaktari, kukubaliwa kwamba mtoto hawezi kulala na mwenzake, chumba cha mlezi. Kwenye karatasi vyumba vyake vitakuwa sita. Kwenye malipo vitakuwa vinne, kwa viwango ambavyo serikali ilivigandisha toka 2016 hadi 2020 huku kodi za nyumba zikipanda. Kaka watatu watabanwa ili mmoja apate nafasi, au mmoja atabanwa pamoja na mashine zake. Kikomo hicho kinaweza kuondolewa kwa familia zenye mtoto wa namna hii kwa aya moja ya kanuni, bila kuingoja kesi nyingine ya miaka minne. Anayetaka kuendelea na hadithi ya sita chumba kimoja aanzie hapo, kwa sababu familia hizo anazijua, na huenda Ijumaa hii atapeana nao mikono.